Sanda ya Mpira

Mita tisini na sita chini ya maji ya kaskazini, mtu hana siri na kibofu chake. Hilo ndilo somo la kwanza nililowapa wanafunzi wangu wote. Wote walicheka, na wote walirudi juu wameliamini. Baridi ya nyuzi mbili haiumi kama watu wanavyodhani. Inakuhoji. Inaanzia kwenye vidole, inapanda kwenye magego, halafu inakaa nyuma ya macho kama mpangaji asiye na haraka ya kuhama. Nimewahi kumwona pweza wa huko amejifunika pweza mwenzake. Mke wangu hakuliamini hilo, ingawa niliapa.

Siku hiyo nilikuwa na miaka hamsini na sita na kazi ndogo. Meli iitwayo Udi ilikuwa imelala ubavu kwenye sakafu ya ghuba kwa miaka kumi na moja bila mtu kujua ilipo, mpaka mafuta ya tumboni mwake yalipoanza kuelea. Wenye ghuba wakaamua kuifukia yote kwa kokoto na saruji, kama unavyofukia choo cha zamani. Kabla ya saruji, sheria ilitaka mzamiaji mwenye cheti aingie ndani, atazame, kisha aweke sahihi kwamba humo hamna kilicho hai. Mashine zilishatumwa mara mbili na mara mbili zikanasa kwenye kamba za meli. Hata kama zingefika, mashine haiapi.

"Mzee Faki, nakuona mlangoni," Mwasiti aliniambia sikioni. "Mapigo sitini na nane. Unaenda kazini au harusini?"

Mwasiti alikuwa msimamizi wangu, mwanamke wa Tanga mwenye subira ya mwalimu wa watoto wadogo. Alikaa juu kwenye boti na chai yake, akitazama kile ambacho kamera ya paji la uso wangu ilikitazama, na moyo wangu ukichora mstari pembeni ya kioo chake.

"Harusini," nilisema. "Pilau nimeshaisikia harufu."

Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya bata, kwa sababu ya heliamu tunayochanganya kwenye hewa ya kina kile. Kifaa cha Mwasiti kilikuwa kinainyoosha kabla haijamfikia. Aliwahi kuniambia kwamba kinaninyoosha mno, nasikika kama mtu mwaminifu.

Nilifunga kamba yangu kwenye kitasa, nikaingia. Meli ikilala ubavu, kila kitu kinakudanganya: sakafu inakuwa ukuta, mlango unakuwa kisima. Matope yalikuwa mepesi kama unga wa muhogo, yakingoja mtu ajisahau apige pezi la mguuni. Nilijivuta kwa ncha za vidole mpaka chumba cha kulia chakula. Mlangoni kulikuwa na mtu.

Alikuwa amelala kukingama mlango, ndani ya vazi lake. Taa ya kifuani ilikuwa imezimika. Nyuma ya kioo cha uso kilichoota ukungu niliona kitu cheupe, kama kitambaa. Nilimsogeza kwa bega, taratibu, kama unavyomsogeza mgeni aliyelala barazani ili upate njia.

"Samahani, ndugu," nikamwambia.

"Unaongea na nani?" Mwasiti akauliza.

"Na mwenye nyumba."

Vazi lile lilikuwa na jina refu la kampuni, Vazi la Subira, lakini mabaharia waliliita sanda ya mpira. Tangu barafu ya ncha ya dunia ilipoyeyuka na meli zikaanza kupita huko, hakuna aliyeruhusiwa kusafiri bila hilo. Ukianguka majini unavuta kamba nyekundu ya begani. Sindano inakuchoma, damu inapoa, moyo unapiga mara moja kila dakika tatu, na ngozi ya vazi inanyonya hewa majini kama matamvua ya samaki. Unalala. Taa ndogo ya kijani kifuani inasema bado upo. Waliolitengeneza waliahidi miaka miwili, na sheria ikawafuata: baada ya miaka miwili, aliyevaa ni maiti. Hakuna aliyewahi kukuta taa ya kijani baada ya mitatu.

Ndani walikuwa kumi, ukimjumlisha yule wa mlangoni kumi na mmoja. Wengi walikuwa wamerundikana kwenye kona iliyokuwa chini, kama viazi kwenye gunia. Nilihesabu taa zilizozimika: moja, mbili, nne, saba. Tisa.

Ya kumi ilikuwa inawaka. Hafifu, kijani ya jani la mchaichai, lakini inawaka. Juu yake kulikuwa na utepe wa jina. Niliupangusa kwa kidole gumba.

V. NGWALI.

Sasa niseme jambo nililopaswa kulisema mwanzo. Nilijua jina la meli nilipoichukua kazi ile. Hakuna aliyeniuliza kama linanihusu, nami sikujitolea kusema. Vuai Ngwali alikuwa mume wa kwanza wa mke wangu. Nilikwenda kule kuhakikisha amekufa.

"Mapigo mia na kumi na mbili," Mwasiti alisema, na chai nilisikia ikiwekwa mezani. "Mzee, kuna nini?"

"Kamba imenishika mguu."

Nilikuwa nimeshaifunika taa kwa kiganja. Kisha, mimi niliyefundisha watu thelathini wasifanye hivyo hata wakiona malaika, nilipiga pezi moja. Matope yakapanda kama uji unaofurika, na kioo cha Mwasiti kikawa kahawia.

"Siioni picha."

"Hata mimi sioni," nikasema. "Natoka."

*

Dakika ishirini chini ni saa nne za kurudi. Gesi imeingia kwenye damu. Ukipanda haraka inachemka kama soda iliyotikiswa. Kwa hiyo unapanda kidogo, unaning'inia kwenye kamba, unapanda tena. Watu huniuliza huwa nafikiria nini wakati huo. Huwa sifikirii kitu. Siku ile tu ndiyo nilifikiri.

Kwenye mita hamsini nilijiambia kwamba betri ile ilikuwa inakufa, siku yoyote ingezima, na saruji ingekuja kesho saa nne. Ningekuwa nimemnyima mtu siku chache za usingizi. Watu huibiwa zaidi ya hapo na hawalalamiki.

Kwenye mita thelathini nilimkumbuka kadhi wetu. Mize, mke wangu, alikuwa amemngoja Vuai miaka minne, akakaa eda, na kadhi akaandika karatasi. Siku nilipopeleka posa nilimuuliza kadhi, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza, "Na akitokea?"

Kadhi alivua miwani. "Akitokea, kwa kauli ninayoifuata mimi, ataulizwa: amtaka mkewe, au arudishiwe mahari yake."

"Na mimi?"

"Wewe hutaulizwa."

Mahari yake ilikuwa kitanda cha samadari, cha mninga, chenye vioo vya rangi kichwani. Ndicho ninacholalia.

Kwenye mita kumi na mbili, mahali ambapo mwanga unaanza kuwa na joto ingawa maji hayana, niliifikiria kofia. Mize hushona kofia za viua, zile za matundu madogo mamia, kila tundu limezungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja inamchukua miezi mitatu. Alipomshonea Vuai kabla ya safari ile aliacha tundu moja bila uzi. Ndivyo walivyofanya nyumbani kwao kwa mtu anayekwenda baharini: aondoke na kazi isiyokwisha kichwani, arudi imalizwe. Yangu alipoishona aliyafunga yote. Niliuliza. Akasema, "Nilishaacha moja wazi. Hakurudi mtu." Nami nikaivaa, na kila nikivua huwa nahesabu kama kuna alilolisahau. Hajasahau.

Kwenye mita sita nililia kidogo. Ndani ya miwani ya kuzamia, kulia ni hasara tupu, kwa sababu huwezi kupangusa.

*

Jua la kule wakati wa kiangazi halizami, linazunguka tu kama mtu aliyepoteza funguo. Kwa hiyo ilikuwa mchana nilipopanda botini, na ilikuwa mchana nilipomaliza kula, na ilikuwa mchana Mwasiti aliponiletea fomu. Miaka hii kila kitu kiko hewani, lakini kwa habari ya wafu serikali zote bado zinataka karatasi.

"Soma kabla hujaweka," alisema.

"Nimeshaisoma mara mia."

"Hii hujaisoma. Walikuwa watu wa kwenu hawa. Pemba, Unguja, wawili Lamu." Alinitazama. "Hukuniambia kama ulimaliza kuwahesabu."

"Wamo. Kumi na mmoja."

"Na taa?"

Chini ya ukurasa paliandikwa: *Nathibitisha kwamba ndani ya chombo hiki hakuna kilicho hai.* Nilitazama maneno yale kwa muda. Herufi zilikuwa nzuri.

"Giza," nikasema, nikaweka sahihi.

Mwasiti aliichukua, akaikunja mara mbili. Hakuitia kwenye mkoba. Aliiweka mezani, akaikandamiza kwa kikombe.

"Matope yale, Mzee," alisema. "Nimekusimamia miaka tisa. Hujawahi kutimua matope."

"Nazeeka."

"Haya."

Aliniacha. Huo ndio ubaya wa watu wenye subira, hawakusaidii kwa kukugombeza.

Nilimpigia Mize, kama kila siku. Alijitokeza kwenye kioo na nusu ya uso, maana simu huwa anaiegemeza kwenye mtungi wa maji ili mikono ishone. Swali lake ni lile lile tangu tuoane, na jibu langu huwa ni uongo, sote tunajua. Nimeshamletea samaki mwenye miwani na kaa aliyenidai kitambulisho.

"Haya bwana, leo umeona nini?"

Nilikuwa na la nyangumi anayekoroma. Nililiandaa kabisa, na mke wa nyangumi akimpiga kiwiko. Nikafungua mdomo.

"Nimemwona Vuai," nikasema. "Yuko hai."

Mize alicheka. Alicheka vizuri, mpaka sindano ikasimama. "Leo umevuka mpaka, bwana. Hata wewe."

"Meli ni Udi. Imepatikana. Nilikuficha."

"Faki."

"Yuko ndani ya vazi. Taa inawaka. Jina nimelipangusa mimi mwenyewe kwa kidole hiki."

Sikumbuki nilisema nini kingine. Namba ya vazi nadhani, na rangi ya taa. Kwa mara ya kwanza maishani nilijuta kuwa mwongo hodari, kwa sababu ilinichukua karibu robo saa kuaminiwa. Kisha nusu ile ya uso ilitulia. Alichomeka sindano kwenye kitambaa, akavuta mtandio ukamfunika nywele. Miaka sita ya ndoa, sijawahi kumwona akijifunika mbele yangu.

"Ni baridi huko aliko?" aliuliza.

"Nyuzi mbili."

"Mtoe, basi," alisema. "Mtoe, kaka Faki."

Niliikata simu mwenyewe. Mtu akikuita kaka huna la kuongeza.

Mwasiti alikuwa bado mezani. Fomu ilikuwa bado chini ya kikombe. Niliichomoa, nikaichana mara nne. Hakuuliza ni kwa nini. Alisema tu, "Saruji nimeisimamisha tangu saa tisa. Nimewaambia mzamiaji wangu ana tumbo."

*

Kumtoa mtu aliyelala namna ile ni kazi ya fundi saa. Usimpashe joto, usimtikise, usimbadilishie uzito wa maji ghafla. Tulishusha tangi la chuma, refu kama jeneza na zito kuliko dhamiri, nami nikashuka nalo. Nilimfunga mikanda minne. Mlangoni tulikwama tena na yule mwenye kitambaa cheupe. Nikamsogeza kwa bega lile lile.

"Samahani tena," nikamwambia.

Daktari alikuja kwa ndege na masanduku mawili na uso wa mtu ambaye hajawahi kufanya anachokwenda kufanya. Alisema mgonjwa anaweza kuzinduka, anaweza asizinduke, na anaweza kuzinduka asiwepo. Walimpasha kwa siku nne. Nilikaa nje ya chumba kile siku zote nne, si kwa wema. Nilitaka kuwa mtu wa kwanza anayechukiwa, yaishe.

Siku ya nne walikata vazi na kukitoa kioo cha uso.

Nyumbani kwangu, sebuleni, kuna picha ya Vuai. Mize hakuitoa tulipooana na mimi sikuomba itolewe. Ni mtu mnene wa mashavu, nyusi zimeungana, jino la mbele limepandiana na mwenzake. Nimekunywa chai mbele ya picha ile asubuhi elfu mbili.

Aliyekuwa kitandani alikuwa mwembamba, kidevu kirefu kama kiko, nyusi kila moja na njia yake.

Nilimtazama mpaka akafumbua macho. Yalizunguka dari, yakanifikia mimi, yakaona uso wa mtu wa kwao.

"Nimechelewa zamu?" aliuliza.

"Kidogo," nikasema.

*

Jina lake Mcha Khatibu, mtu wa Nungwi, fundi wa mitambo. Ilipita wiki kabla hajaweza kukaa, na wiki ya pili kabla daktari hajaturuhusu kumweleza ni mwaka gani. Alilipokea kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kukinunua. Kwao mkewe hakuolewa tena. Mimi hata habari hiyo njema iliniuma.

Nilimuuliza kuhusu vazi mchana mmoja, tukiwa wawili.

"Lina jina la Vuai Ngwali," nikasema.

Alikuwa na bakuli la uji. Aliliweka chini.

"Ilikuwa Ijumaa," alisema. "Kapteni alitupa ruhusa, tukasali kwenye chumba cha kulia. Sheria yao ni uvae sanda saa ishirini na nne, lakini utatiaje udhu ndani ya mpira? Tukizivua mlangoni. Zinarundikwa pale, kama viatu."

"Kama viatu msikitini."

"Hivyo hivyo. Na ukitoka unachukua yako, au unachukua iliyokaa karibu na yako, mtakutana kesho mtabadilishana. Tulishazoea. Tulikuwa tunataniana." Aligusa ukingo wa bakuli. "Tukiwa kwenye rakaa ya pili ndipo lile pande la barafu likatupiga. Taa zikazima. Kila mtu akakimbilia mlangoni akavaa iliyomjia mkononi."

"Basi ni bahati tu."

Ningeweza kumwachia hapo. Nilimwachia, kwa kweli. Niliinuka nichukue bakuli.

"Yangu ilikuwa inavuja," Mcha alisema. "Kwapani, hapa. Nilishaandika kwenye daftari la matengenezo, wakasema bandarini. Nilikuwa nasikia upepo wake kila nikiivaa. Siku ile nimeivaa gizani, nimefunga zipu, sikusikia upepo. Nikajua si yangu."

Hakunitazama.

"Maji yalikuwa kifuani. Vuai alikuwa mbele yangu, mlangoni, anauliza kwa sauti, 'Nani kachukua yangu? Hii inapuliza.' Alikuwa karibu yangu kama ulivyo wewe. Sikuivua." Aliifuta midomo kwa kitambaa. "Nilivuta kamba."

Kuna watu wangemwambia neno. Nilifikiria taa ile ya kijani chini ya kiganja changu, na kitanda cha mninga, na picha ya sebuleni niliyokuwa nikiigeuzia mgongo ninapokunywa chai. Chumbani mle tulikuwa watu wawili tuliovaa kitu cha Vuai tukasikia hakipulizi.

"Kunywa uji," nikamwambia. "Unapoa."

*

Baada ya hapo wenye ghuba, waliokuwa wakipiga kelele kuhusu saruji yao, walinyamaza, na wote kumi wakatolewa. Nilishuka mwenyewe kwa yule wa mlangoni. Nilipangusa utepe wa jina: M. KHATIBU. Nikapangusa na kioo. Hakikuwa kitambaa. Ilikuwa kofia.

Nilimwambia samahani mara ya tatu, na safari hii Mwasiti hakuuliza naongea na nani.

Tangu nilipouona uso ule wa kidevu kirefu sikuthubutu kumpigia Mize. Nilipompigia, alikuwa ameketi mbali na simu, mtandio kichwani, mikono mitupu. Mtungi wa maji haukuwepo. Alikuwa ameiegemeza simu kwenye kitu kingine nisichokijua.

"Bi Mize," nikasema. Niliona ndiyo adabu.

"Sema, kaka Faki."

Nilimweleza yote kwa mpangilio: rundo la mavazi, giza, mtu wa Nungwi, tundu la kwapani. Nilitamani kuruka lile la Mcha kujua. Sikuliruka. Wala sikuruka kwamba nilikuwa nimeweka sahihi, na kiganja changu kilikuwa wapi.

Alivuta mtandio mbele kidogo.

"Kofia anayo?"

"Anayo."

"Tundu liko wapi?"

"Juu ya sikio la kushoto. Mstari wa tatu."

"Wa nne," alisema. Kisha akasema, "Ndiye."

Nilingoja. Mita tisini na sita zilinifundisha kungoja.

"Nitakaa eda," alisema.

"Ulishakaa. Tena kadhi atakwambia mtu huyu amekufa miaka kumi na moja, ndoa yetu haina kasoro."

"Na mimi sibishani naye. Wewe ni mume wangu, atasema hivyo na ni kweli. Lakini ile ya kwanza niliikaa kwa karatasi, nikiwa na sikio mlangoni. Kadhi hakushona kofia." Alitazama mikono yake. "Nimefurahi siku ishirini na tano, kaka Faki. Nikajichukia, nikafurahi tena. Hizo nazo zataka mahali pa kukaa."

"Miezi minne na siku kumi."

"Hesabu unaijua."

"Na kuhusu sahihi?"

"Hiyo tutaizungumza mwezi wa tano," alisema. "Uje nayo hivyo hivyo, usiipambe. Na uniletee ile kofia. Nitalifunga lile tundu kabla hajazikwa. Hawezi kulala na kazi yangu nusu."

"Nitaileta."

"Basi."

Akabaki kwenye kioo, wala hakukata. Nami sikukata. Kofia yangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya meza, pale pale ninapoitundika kila nikivaa mpira wa kuzamia. Niliishusha. Niliigeuza mpaka upande wa kushoto, nikahesabu mistari minne, nikachomoa kisu cha kuzamia, ambacho ni kikubwa mno kwa kazi ile, na kwa ncha yake nikaanza kukata uzi wa tundu moja. Uzi wa Mize ni mgumu. Ilinichukua muda.

"Unafanya nini huko?" aliuliza. "Nakuona bega tu."

"Kofia yangu imetoboka."

"Imetobolewa na nini?"

"Pweza," nikasema. "Yule wa mwaka juzi. Alikuwa anatafuta cha kujifunika."

 Alipeleka mkono pembeni, nje ya kioo, akarudi na sindano, akaitazama kama uzi bado umo.

"Basi ilete na hiyo," alisema. Hakuniita kaka, wala hakuniita bwana.